Nimpakatie Mkoba

Jumatatu, 9 Juni

Msiba umenishukia saa ya chai. Nimepandishwa cheo.

Bosi alitukusanya kando ya kitanda cha maonyesho, kile kikubwa karibu na kaunta, akatangaza kwamba duka linafungua tawi jipya na mkuu wa tawi ni mimi. Kuanzia Jumatatu ijayo. Wenzangu wakapiga makofi. Mmoja akanirushia mto. Bosi akamalizia na habari aliyoiona tamu kuliko zote: tawi liko karibu na nyumbani kwa dada yangu, ninakoishi, kwa hiyo nitakwenda kwa miguu. Treni basi.

Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Ndani nilikuwa nalia.

Maana treni ndiyo maisha yangu. Treni ya asubuhi, behewa la tatu, mlango wa kati. Hapo ndipo huingia Bi Mkoba. Jina lake silijui, hilo nimempa mimi kwa ajili ya mkoba wake mkubwa wa kahawia ambao hauweki chini hata treni iyumbe vipi. Shingo ndefu. Macho ya mtu aliyesikia kichekesho ambacho nyinyi wengine hamjakisikia. Ana harufu ya mafuta fulani mazuri, sijui wanayauza wapi. Tangu mvua za kwanza namwangalia, na neno sijamwambia. Mimi ambaye kazi yangu ni kulala kwenye dirisha la duka mchana kweupe ili wapita njia watamani magodoro yetu! Mimi ninayeweza kumshawishi mtu mzima avue viatu ajilaze mbele ya mkewe! Nikimwona yule mwanamke ulimi unakuwa mzito kama godoro lililonyeshewa.

Jioni nilimweleza dada. Alikuwa anakunja nguo. Akaniuliza kama nimewahi kumsalimia. Nikamwambia mambo hayaendi hivyo. Akasema yanakwenda hivyohivyo, unafungua mdomo unasema habari za asubuhi, na yeye alimpata mumewe kwa habari za asubuhi. Shemeji akaitikia kutoka jikoni kwamba ni kweli, na kwamba mpaka leo hajui nini kilimkuta.

Kusalimia kila mtu anaweza. Ukishaitikiwa je? Unabaki umesimama hapo huna la kuongeza.

Mimi nimepata mpango. Kwenye treni yetu kuna desturi: aliyepata kiti humpakatia mzigo aliyesimama. Hakuna kuombana. Unanyoosha mikono, mwenzako anakukabidhi mfuko, mnaendelea na safari. Basi. Mimi nimekaa. Bi Mkoba amesimama mbele yangu. Nanyoosha mikono, mkoba unatua mapajani. Mkoba wake ukishakuwa kwangu, mwenyewe hawezi kwenda mbali. Lazima aseme ahsante. Ahsante inaleta karibu. Karibu inaleta jina. Kufikia Ijumaa tutakuwa kama ndugu. Hapana, si ndugu. Hilo nimelifuta.

Tatizo ni moja. Treni hufika stesheni yangu ikiwa imejaa, kiti sijawahi kukipata. Dawa yake: nitapanda ile inayorudi hadi inakoanzia, nikae humohumo, nigeuke nayo. Akili kama hizi zinapotelea kwenye magodoro.

Jumanne, 10 Juni

Mpango umefaulu kwa sehemu kubwa.

Niliamka kabla ya shemeji, jambo ambalo nyumba hii haijawahi kuliona. Nikapanda treni tupu ya kurudi, nikageuka nayo. Kiti kizuri, pembeni mwa mlango wa kati. Nikakaa kama waziri. Mapaja wazi, mikono tayari.

Nilichosahau ni kwamba desturi haichagui. Stesheni ya kwanza akaingia fundi bomba, akaona mapaja yako wazi, akanishushia mfuko wake wa spana na vipande vya mabomba. Stesheni iliyofuata akaingia Mama Mayai, yule anayepeleka mayai sokoni, akapanga trei zake juu ya mabomba na kuniomba nisipumue sana. Tulipofika stesheni yangu mwenyewe wakaingia wenzangu wa kila siku, ambao hawajawahi kuniona nimekaa, wakafurahi kama vile nimetoka hospitali. Kila mmoja akanikabidhi mfuko wake kwa upendo. Wa mwisho alikosa pa kuweka, akanivisha mwavuli shingoni.

Bi Mkoba alipoingia sikumwona. Nilisikia yale mafuta. Akaja kusimama mbele yangu kabisa. Nikamchungulia kati ya trei na mwavuli. Akaniangalia, akaona sina nafasi hata ya kuwekewa sindano, akageuka upande wa pili. Na nani alikuwa amekaa upande wa pili, magoti pamoja, mapaja matupu? Bwana Dawa.

Bwana Dawa ni mtu wa duka la dawa. Kila asubuhi hupanda na koti lake jeupe limekunjwa mkononi, upande wa mfuko wa kalamu ukituangalia sisi, ili tujue tunasafiri na msomi. Alinyoosha mikono. Mkoba ukatua. Akasema karibu kabla hata hajaambiwa ahsante. Nikakunja ngumi kwa hasira na yai likapasuka. Mama Mayai alinitazama mpaka tuliposhuka.

Hata hivyo huu nauhesabu ushindi. Behewa zima limejaa watu, na yeye alianza kuniangalia mimi.

Dada ameuliza kama nilimsalimia. Nilikuwa na trei ya mayai puani, nisalimie na nini?

Jumatano, 11 Juni

Leo ni leo! Nina miadi.

Lengo lilikuwa mapaja yabaki wazi kwa ajili ya mkoba mmoja tu. Kwa hiyo goti langu la kushoto limeumia. Niliamua hivyo nikipiga mswaki. Nikalifunga kitambaa cha dada, nikaenda stesheni nikichechemea, nikapanda ya kurudi. Kila aliyeniletea mzigo nilimwonyesha goti na kukunja uso. Fundi bomba akasema pole, akapeleka spana kwa Bwana Dawa. Mama Mayai akapeleka trei kwa Bwana Dawa. Stesheni yangu nayo ikahamia kwa Bwana Dawa. Nilimwona anazama taratibu chini ya mizigo, imebaki miwani tu. Nikafurahi mpaka nikasahau kukunja uso.

Nilichosahau tena ni kwamba watu wa behewa letu wana huruma. Yuko bibi mmoja mkandaji, mikono yake kama koleo, anawakanda wenye maumivu ya mifupa mjini. Akasema goti halikalishwi hivyo. Kabla sijajitetea mguu wangu ulikuwa umelazwa juu ya abiria wenzangu, suruali imepandishwa, naye ananisugua ile dawa ya kupaka inayotoa machozi. Goti langu zima, ambalo halijawahi kumkosea mtu, likawaka moto. Watu wakapokezana ushauri. Fundi bomba alisema jirani yake alianza hivyohivyo na sasa anatembelea magongo.

Katika hali hiyo akaingia Bi Mkoba. Nimelazwa, mguu uchi, machozi yananitiririka. Akaniangalia. Akapiga chafya kwa ile dawa. Kisha akasema pole.

Pole, kwangu mimi. Sauti yake ni nzito kidogo kuliko nilivyoiwazia. Bora hivyo.

Kilichotakiwa ni kusema ahsante na kunyamaza. Lakini Bwana Dawa, kutoka chini ya mayai, akawahi kusema kwamba dukani kwake vipo vidonge vizuri vya magoti. Nikaona ananizidi kete hivihivi. Nikasema ahsante sana, ila vidonge mimi siviamini, mimi mwenyewe ni daktari. Wa mgongo.

Sijui neno lilitoka wapi. Bibi mkandaji aliacha kusugua, akaniomba radhi. Bi Mkoba akainamisha kichwa, akanitazama kwa yale macho yake, akauliza zahanati yangu iko wapi. Nikataja mtaa wa duka letu, maana ndio mtaa ninaoujua. Akawa kama anakohoa. Halafu akasema ni bahati kubwa, kwa sababu mama yake mgongo unamtesa, usiku halali, na hospitali hataki kuzisikia. Je, kesho mchana naweza kumwona? Nikamjibu kwamba kesho mchana nimepata nafasi.

Nilishuka nikichechemea mguu wa kulia. Hakuna aliyegundua.

Yaani nimekubaliwa na mwanamke mzuri kuliko wote wa treni, na papo hapo natambulishwa kwa mama mkwe! Wengine jambo hili linawachukua miaka. Imebaki kupata zahanati.

Alhamisi, 12 Juni

Nitaandika kwa mpangilio ingawa kichwa hakina mpangilio.

Asubuhi nilimfuata Bwana Dawa nikamwomba koti. Ilinibidi nijikaze kisabuni. Nilitegemea anikatalie ili nimchukie vizuri. Akanipa bila swali, tena akanishukuru kwa ajili ya goti langu. Eti tangu mwaka jana anatafuta njia ya kumsogelea Mama Mayai, na jana, kwa sababu ya ugonjwa wangu, ndiyo mara ya kwanza amempakatia trei. Mama Mayai! Mbinu za kunilaza hizo, nimezijua zamani. Nikachukua koti na kumpa tabasamu la mtu aliye macho.

Sasa duka letu. Vitanda kwa safu, mashuka meupe, mito. Ukiondoa vibandiko vya bei, ni wodi. Nikaviondoa. Bosi alikuwa amekwenda kukagua tawi jipya. Wenzangu niliwaambia hii ni njia mpya ya kuuza, na yule aliyenirushia mto Jumatatu akajitolea kuwa nesi kwa moyo mmoja. Alitaka hata kunipigia magoti, nikamwambia manesi hawafanyi hivyo.

Wakaja. Mama mtu mwembamba, mkavu, fimbo mkononi. Nikampa shikamoo. Akaitikia huku akinikagua kuanzia viatu. Akasema madaktari wote ni waongo, amekuja kwa sababu binti yake amemchosha, na sindano hachomwi. Nikamwambia kwangu hakuna sindano. Nikamwomba ajilaze, nikampeleka kwenye lile godoro la bei ya juu kabisa, ambalo hata sisi wafanyakazi haturuhusiwi kulilalia. Nikamuuliza panapouma. Nikanyoosha mkono kubonyeza mgongo, kwa mazoea nikabonyeza godoro, nikajisikia naanza kueleza habari za sponji. Nikajikatiza. Nikageuka kumwomba nesi kitu chochote. Nilipomrudia mgonjwa alikuwa amelala fofofo.

Akakoroma.

Bi Mkoba alisimama kando ya kitanda, mkono mdomoni. Akaninong'oneza kwamba hajamwona mama yake akilala hivi tangu baba yake afariki. Nyumbani mama analalia godoro la ndoa yake, limebonyea katikati kama bakuli, na ukigusia kulibadilisha anaanza kulia. Wakati ananiambia hayo macho yake hayakuwa na kichekesho hata kidogo. Nilitamani kuwa daktari kweli.

Wapita njia wakaanza kusimama mlangoni. Mmoja akauliza kama naye anaweza kulazwa. Nikamwambia apange foleni. Mara wodi ikajaa, kila kitanda kina mtu, nesi anazunguka kuwafunika.

Ndipo akaingia Bosi.

Mengine siandiki. Aliuliza bei zimekwenda wapi. Aliuliza koti ni la nani. Aliuliza yule bibi anakoroma kwa idhini ya nani, na kwa sauti aliyouliza nayo wagonjwa wote waliamka isipokuwa yule bibi. Akatangaza mbele ya watu kwamba mimi si daktari, mimi ni muuza magodoro, na kuanzia leo si mkuu wa tawi lolote. Nitabaki hapahapa dukani, palepale dirishani, mpaka nizeeke.

Nimenyang'anywa cheo. Nibaki hapahapa. Nipande treni ileile! Nilimkamata Bosi mkono kwa mikono yangu miwili nikamshukuru kutoka moyoni. Akarudi nyuma mpaka akakaa kitandani.

Mama mtu akaamka baada ya yote. Akanyoosha mgongo huku na huku. Akamwambia Bosi apunguze kelele, hapa ni hospitali. Akasema godoro hilo anaondoka nalo kwa amri ya daktari. Bosi akafumba mdomo, akaenda mwenyewe kuita mtu wa mkokoteni.

Lakini Bi Mkoba alikuwa amesikia kila kitu. Hakuniambia neno. Alimshika mama yake mkono, akatoka, hakugeuka.

Basi treni nimebakiziwa. Yeye je? Jioni dada aliniwekea chakula na hakuuliza kama nilimsalimia mtu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimechoka kula mwishoni mwa meza ya watu wawili. Nimechoka kulala upande mmoja wa godoro pana, kama vile namwachia mtu nafasi. Nilitaka aniangalie tena, nimwambie chochote, hata ukweli. Nimeshaliandika, nisiulizwe.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeshinda! Miguu inatetemeka, lakini hiyo ina sababu yake.

Leo sikuwa na mpango. Nilinuia kujificha nyuma ya watu. Ila miguu imeshazoea, ikanipandisha treni ya kurudi, nikajikuta nimekaa mahali pangu. Hakuna aliyeniletea mzigo, bado wanaheshimu goti. Bibi mkandaji aliniita daktari akaniuliza habari za nyonga. Upande wa pili Bwana Dawa alikuwa amekumbatia trei, Mama Mayai amesimama juu yake anamsimulia kitu, naye anacheka kama mtoto. Mjanja sana yule, anaigiza mpaka mwisho.

Bi Mkoba akaingia. Akapita watu, akaja moja kwa moja, akanishushia mkoba mapajani.

Niliona nyota. Mkoba ule una uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Nikafahamu kwa nini Bwana Dawa siku ile alishuka akiwa ameinama. Kwa pumzi iliyobaki nikamuuliza amebeba nini. Akasema kichwa cha cherehani. Yeye ni fundi wa vyerehani; si wa kushona, wa kuvitengeneza vikiharibika. Kimoja humsindikiza nyumbani kila jioni, hukimalizia huko, asubuhi hukirudisha. Na ile harufu nzuri ni mafuta ya mashine. Nikamwambia yanampendeza. Lilikuwa neno la kweli la kwanza nililomwambia, na lilitoka bila mpango.

Akacheka. Kisha akaniambia ya kwake. Karakana yake iko ghorofani, ng'ambo ya barabara, mkabala na duka letu. Tangu mvua za kwanza ananiona kila siku nimelala dirishani. Mimi sijawahi kumwona kwa sababu kazini huwa nimefumba macho. Anajua ninavyokoroma kwa kuangalia tu tumbo langu. Anajua kwamba nikidhani hakuna mtu huwa naongea na mito. Juzi aliposikia mimi ni daktari nusura aangushe cherehani. Lakini akawaza haraka: mama yake hamsikii mtoto wala muuza duka, ila daktari huenda akamsikia. Akaona huyu mwongo ameletwa na Mungu. Acha ampeleke mama palepale penye magodoro.

Yaani nilipangwa. Mimi. Nilimtazama kwa heshima ambayo sijawahi kumpa binadamu.

Nikamuuliza mbona jana aliondoka kimya. Akasema alikuwa amebana kicheko. Angefungua mdomo mbele ya mama, kazi yote ingeharibika. Na usiku mama amelala hadi kumekucha, akaamka anaimba. Aliposema hivyo alinigusa bega, akauacha mkono hapo.

Tulipofika stesheni yetu nikajaribu kusimama. Miguu haikuwepo. Imekufa ganzi kuanzia kiunoni. Watu wakashuka, mlango ukafungwa. Yeye angeweza kushuka nao. Alibaki. Tulikwenda mpaka mwisho wa reli, tukakaa kwenye behewa tupu tukingoja ligeuke, cherehani bado kiko mapajani kwangu kwa sababu nilikataa kukitoa. Alinieleza jinsi sindano inavyokatika. Mimi nilimweleza jinsi ya kulala dirishani bila kudondosha mate. Nilichelewa kazini na Bosi akasema mambo ambayo sikuyasikia.

Jumapili nimealikwa kwao! Chakula cha mchana. Mama anataka kunishukuru, na mjomba wake, mkubwa wa ukoo, atakuwepo. Sharti ni moja: niende kama nilivyo, uongo basi. Akasema akitaka kumwona mwongo atajitazama kwenye kioo. Nikala kiapo, mkono juu ya cherehani.

Nimemweleza dada. Ilibidi akae chini. Akauliza kama hatimaye nilimsalimia. Nimejaribu kukumbuka. Hapana, bado hatujasalimiana.

Jumapili, 15 Juni

Naandika haraka, kuna mengi ya kupanga.

Nilikwenda kama nilivyo. Shati langu, viatu vyangu, na mto mpya wa zawadi. Mama mtu akanipokea kwa mikono miwili, akaniita daktari. Bi Mkoba akanikazia macho kutoka nyuma ya mama yake. Nikakumbuka kiapo.

Mjomba alikuwa sebuleni. Mtu mpana, sauti ya mtu aliyezoea kuwaita watu walio mbali. Nikamwamkia kwa adabu zote. Akasema sifa zangu amezisikia. Akasimama, akanigeuzia mgongo, akapandisha shati na kuniomba nianzie hapo chini, upande wa kulia.

Mgongo wa mjomba unaningoja. Nikavuta pumzi nikasema: mjomba nisamehe, mimi si daktari na sijawahi kuwa.

Nilisema. Kwa mdomo wangu huu. Bi Mkoba aliniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa na mtu yeyote, mteja wala ndugu. Mama mtu akanong'ona kwamba daktari mzuri hajitangazi. Mjomba akashusha shati, akageuka taratibu, akaniuliza basi mimi ni nani hasa.

Ilikuwa imebaki kidogo sana. Nauza magodoro. Maneno hayo yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini mjomba ni mtu mpana, na juu ya nyumba ilikuwa inapita ndege.

Nikasema mimi ni rubani.

Dada amenishika mashavu jioni hii akaniuliza kwa nini. Nimemwambia ndege ilikuwa inapita.

Mjomba alikaa kitini, akashika kifua. Kumbe Jumamosi anasafiri kwa ndege kwenda kumwona mwanawe, mara ya kwanza maishani, na tangu tiketi ikatwe usingizi umemkimbia kwa hofu. Alikuwa anatafuta namna ya kughairi. Sasa basi, hofu imekwisha, maana ndege hiyo nitairusha mimi. Akijua usukani umeshikwa na mtu wa nyumbani, alisema, atapanda akiimba. Akanikumbatia, nikapotea ndani ya shati lake. Nilipochomoza upande wa pili nikamtafuta Bi Mkoba, nikajua leo nimekwisha.

Alikuwa anapanga sahani. Akaweka ya mwisho. Akasema kwa utulivu kabisa kwamba ni kweli mjomba, tena ni rubani mzuri, ila akiwa kazini hapendi kusemeshwa.

Nilikula sahani mbili kwa furaha.

Akanisindikiza hadi getini. Alinichoma kidole kifuani. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kisha akaniuliza sisi wawili tutafanyaje sasa. Sisi wawili, alisema. Maisha yangu yote nimepanga mambo yangu peke yangu chumbani, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilirudi nyumbani bila kujua nimepita wapi.

Mpango uko hivi. Jirani wa shemeji anafungua milango kwenye hoteli kubwa, ana koti la bluu lenye vifungo vya dhahabu, Jumamosi ni siku yake ya mapumziko. Kofia atashona Bi Mkoba, cherehani hakosi. Nitamsindikiza mjomba hadi wanapokagua mizigo, nitampigia saluti, kisha nitapita kwa kujiamini upande wa wafanyakazi na kuingia chooni mpaka ndege iruke. Huko juu hatanisemesha, ameshaambiwa. Sioni pa kuharibika.

Dada anasema nimpigie mjomba sasa hivi nimweleze ukweli kabla hajapaki nguo. Dada ni mtu mzuri sana lakini haoni mbali. Ukweli nitasema, si nimeapa? Nitamwambia wote, neno kwa neno, bila kuficha chochote, akishatua.